Ugandishaji wa chakula nyumbani katika Nyanda za Juu Kusini

Ugandishaji wa chakula nyumbani ni njia ya kuhifadhi chakula kwa kukishusha joto hadi maji yaliyomo ndani yake yawe barafu, ili kitumike baada ya wiki au miezi. Kwa kawaida hufanyika ndani ya friza, inayoitwa pia jokofu la kugandishia. Chakula hicho kinaweza kuwa kimeandaliwa nyumbani, kama maharage yaliyochemshwa au nyama ya buchani, au kimenunuliwa dukani kikiwa tayari kimefungashwa na kugandishwa, kama kuku, soseji, sambusa na mboga mchanganyiko.

Katika miji ya Mbeya na Iringa, iliyopo Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, njia hii hufanyika katika mazingira ya pekee. Miji hiyo iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ina majira ya baridi, iko mbali na bandari ya Dar es Salaam, na hupata umeme kutoka gridi ya taifa. Kila moja kati ya hali hizo hugusa usalama wa chakula kilichomo katika friza.

Kanuni kuu ni kwamba baridi kali husimamisha kuharibika kwa chakula lakini haikisafishi. Vijidudu vingi vilivyokuwemo kabla ya kugandishwa hubaki hai na huanza tena kuongezeka barafu inapoyeyuka.

Namna ugandishaji unavyofanya kazi

Bakteria wanahitaji maji na joto ili waongezeke. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za selsiasi (°C) wengi wao huzaliana haraka. Katika hali inayowafaa, baadhi huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Kwenye jokofu la kawaida, lenye joto la 5 °C au chini yake, wengi hupunguza kasi. Joto likifika −18 °C, ambalo ndilo kipimo cha kimataifa cha vyakula vilivyogandishwa, hakuna bakteria anayeweza kuongezeka, kwa sababu maji anayoyahitaji yamekuwa barafu.

Hata hivyo mabadiliko mengine huendelea polepole. Mafuta huendelea kuoza na kuchacha, hasa katika samaki na nyama ya nguruwe. Vimeng'enya vya mboga mbichi huendelea kubadili rangi na ladha. Nyama isiyofungwa vizuri hukauka na kupata mabaka meupe au ya kijivu. Mabaka hayo hayadhuru mlaji, bali huharibu ladha. Ndiyo maana chakula kinachokaa −18 °C bila kukatizwa hubaki salama kwa muda mrefu sana, lakini ubora wake una kikomo.

Kasi ya kuganda pia ina maana. Chakula kikiganda haraka, chembe za barafu huwa ndogo. Kikiganda polepole, chembe huwa kubwa na kutoboa seli za nyama au mboga. Kikiyeyushwa hutoa maji mengi na kuwa laini kupita kiasi. Friza ya nyumbani haina nguvu ya mitambo ya kiwandani. Inashauriwa friza ya lita 200 isiingizwe zaidi ya kilo 8 hivi za chakula kisichoganda kwa siku moja, na chakula kigawanywe katika vifurushi vidogo vilivyolazwa bapa. Sufuria nzima ya maharage ikiwekwa ndani ya friza, katikati yake huweza kubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi wakati juu tayari kuna barafu.

Mambo ambayo baridi haiondoi

* Bakteria kama Salmonella na Listeria hustahimili kuganda. Listeria huweza pia kuongezeka polepole katika jokofu la kawaida.
* Sumu zilizokwisha kutengenezwa na bakteria hubaki. Wali au pilau iliyokaa mezani usiku kucha baada ya sherehe haiwi salama kwa kuwekwa kwenye friza asubuhi, na baadhi ya sumu hizo haziharibiwi hata kwa kupasha moto.
* Histamini, ambayo hutokea katika samaki kama jodari na vibua wanapokosa ubaridi baada ya kuvuliwa, haiondolewi kwa kugandisha wala kwa kupika.
* Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu katika mahindi na karanga, hubaki kama ilivyokuwa. Sumu hiyo ndiyo iliyosababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Tofauti na hao, baadhi ya vimelea wakubwa zaidi, kama mabuu ya tegu, hufa wakikaa katika baridi kali kwa muda wa kutosha.

Historia

Watu wa nchi za baridi walihifadhi samaki na nyama kwenye barafu tangu zamani. Ugandishaji wa kibiashara wa leo unahusishwa hasa na Mmarekani Clarence Birdseye (1886–1956). Alipokuwa Labrador, Kanada, kati ya mwaka 1912 na 1915, aliona namna Wainuit walivyogandisha samaki papo hapo katika upepo wa baridi kali, na samaki hao walipoyeyushwa walikuwa na ladha ya samaki wabichi. Alitengeneza mashine za kugandisha haraka, na tarehe 6 Machi 1930 vyakula vyake vilianza kuuzwa katika maduka ya Springfield, Massachusetts. Milo kamili iliyogandishwa, ya kupashwa moto tu, ilienea Marekani katika miaka ya 1950.

Nchini Tanzania ugandishaji mkubwa ulikua pamoja na viwanda vya minofu ya sangara kando ya Ziwa Viktoria, vilivyolenga soko la nje. Kwa upande wa kuku, mwaka 2006 serikali ilizuia kuingizwa kwa kuku na mazao yake kutoka nje kwa hofu ya mafua ya ndege, hatua iliyoongeza nafasi ya wafugaji wa ndani katika soko la kuku waliogandishwa. Friza za majumbani na za maduka madogo zilienea kadiri umeme ulivyofika mitaani.

Matumizi katika Mbeya na Iringa

Friza katika miji hii mara nyingi hufanya kazi mbili: akiba ya familia na biashara ndogo. Friza ileile huweza kuwa na nyama ya nyumbani chini, na barafu za vifuko au juisi za kuuza juu.

Maharage ni miongoni mwa vyakula vinavyofaa zaidi. Nyanda za Juu Kusini ni eneo kubwa la kilimo cha maharage, na kuyachemsha huchukua muda na mkaa mwingi. Familia huchemsha kiasi cha wiki mbili kwa mara moja, kuyapoza, kuyagawa katika vyombo vya mlo mmoja mmoja na kuyagandisha. Makande hufanyiwa vivyo hivyo. Njegere na mahindi mabichi huhifadhiwa wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini, ili zitumike miezi ya uhaba.

Nyama ya ng'ombe hununuliwa kwa wingi mwisho wa mwezi au karibu na sikukuu. Wafugaji wa kuku wa nyama nao hulazimika kuchinja wengi kwa pamoja, kwa kuwa kuku aliyefikia uzito wa kuuzwa huendelea kula chakula cha gharama kila siku. Samaki huja Iringa kutoka bwawa la Mtera, na Mbeya kutoka Ziwa Nyasa kupitia Kyela, pamoja na maziwa ya Rukwa na Tanganyika.

Vyakula vingine havifai kugandishwa bila maandalizi. Kiazi mviringo kibichi hubadilika rangi na kuwa na majimaji. Hufaa zaidi kikikatwa chipsi na kukaangwa nusu kwanza. Parachichi zima huharibika, lakini rojo lake lililochanganywa na maji ya limau huhimili. Nyanya hugandishwa vizuri ikiwa ni ya kupikia, si ya kachumbari.

Mboga kama njegere na maharage mabichi huchovywa kwanza katika maji yanayochemka na kisha kutiwa katika maji baridi sana, ili kuzuia vimeng'enya. Njegere huhitaji takriban dakika moja na nusu hadi mbili, na maharage mabichi dakika tatu. Vipimo hivyo ni vya maeneo ya chini. Katika sehemu zilizo juu ya mita 1,500, zikiwemo Mbeya na Iringa, huongezwa dakika moja.

Athari za mazingira ya nyanda za juu

Baridi

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya 10 °C. Baridi hiyo huwafanya watu wengine waamini kwamba chungu cha mchuzi kinaweza kulala jikoni bila hatari. Lakini mchuzi wa moto hupoa polepole ndani ya chungu na hupita saa nyingi kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5. Tena jiko lililofungwa huwa na joto kuliko nje. Chakula kilichopikwa kinapaswa kuingizwa kwenye jokofu au friza ndani ya saa mbili baada ya kupikwa.

Baridi ya nje huathiri hata jokofu lenyewe. Majokofu hutengenezwa kwa madaraja ya hali ya hewa yanayoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au cha ndani: daraja SN hufanya kazi vizuri mahali penye 10 hadi 32 °C, daraja N 16 hadi 32 °C, na daraja T, la nchi za joto, 16 hadi 43 °C. Jokofu lenye sehemu mbili, friji na friza, mara nyingi huongozwa na kipimajoto kimoja kilichopo upande wa friji. Chumba kikiwa cha baridi, upande wa friji hubaki baridi bila msaada na mota huzimika kwa muda mrefu. Wakati huo upande wa friza hupanda joto, na chakula huweza kulainika ingawa umeme haujakatika. Tatizo hilo ni dogo kwa friza za sanduku zinazojitegemea. Kipimajoto cha bei nafuu kilichowekwa ndani ya friza ndiyo njia ya hakika ya kulitambua.

Mwinuko

Katika miji hii shinikizo la hewa ni pungufu kuliko pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Matokeo yake ni mawili.

La kwanza, maji huchemka kwa takriban 94 hadi 95 °C badala ya 100 °C. Joto hilo bado latosha kuua bakteria wanaosumbua, lakini chakula huchelewa kuiva, hivyo muda ulioandikwa kwenye pakiti iliyotengenezwa kwa ajili ya maeneo ya chini huweza kuwa mfupi mno. Sufuria ya presha huondoa tofauti hiyo.

La pili, pakiti iliyofungwa pwani ikiwa na hewa ndani huvimba ikifika Iringa au Mbeya, kama inavyoonekana kwenye vifuko vya krispi. Kwa hiyo kuvimba kwa pakiti ya mboga au chipsi peke yake si ushahidi wa kuoza. Pakiti iliyofyonzwa hewa, kama zile za soseji, ni jambo lingine: haina hewa ya kutanuka, na ikivimba ina maana kwamba bakteria wametoa gesi ndani au mfuko umetoboka. Isiliwe.

Barabara

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na hadi Mbeya zaidi ya kilomita 800. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita Morogoro, Mikumi na bonde la Ruaha Mbuyuni, maeneo yenye joto kali, kabla ya kupanda Kitonga. Lori lenye mtambo wa baridi hulinda shehena kwa safari yote. Boksi la samaki au kuku lililotumwa kwa basi pamoja na vipande vya barafu hutegemea wingi wa barafu, unene wa boksi na urefu wa safari.

Mnunuzi hawezi kuiona safari hiyo, ila huweza kuona alama zake. Chembe kubwa za barafu ndani ya pakiti, vipande vilivyoshikamana kuwa bonge moja ilhali vilipaswa kuwa mbalimbali, boksi lenye madoa ya maji yaliyokauka, na barafu yenye rangi ya damu chini ya mfuko ni dalili kwamba chakula kiliyeyuka na kugandishwa upya. Njegere zilizo salama husikika zikigongana mfuko unapotikiswa.

Umeme

Mto Ruaha Mkuu, unaopata maji yake mengi kutoka milima ya Nyanda za Juu Kusini na bonde la Usangu, hulijaza bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, na kuendelea hadi Kidatu, penye megawati 204. Mvua ikikosekana katika milima hiyo, uzalishaji hushuka. Ukame ulichangia mgawo mkali wa umeme mwaka 2006 na mwaka 2011. Mgawo ulirudi mwishoni mwa mwaka 2023, kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwezi Februari 2024.

Kwa chakula, umeme uliokatwa na uniti za LUKU zilizokwisha usiku wa manane ni kitu kimoja. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hubaki na ubaridi wa kutosha kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu hudumu saa 24. Jokofu la kawaida hudumu saa 4 tu. Nafasi tupu ikijazwa chupa za maji yaliyogandishwa, friza hudumu zaidi. Chupa zisijazwe hadi juu, kwani maji hutanuka yanapoganda.

Mwenye nyumba akiwa safarini hawezi kujua kama umeme ulikatika siku tatu na kurudi. Njia rahisi ni kugandisha kikombe cha maji na kuweka sarafu juu ya barafu yake kabla ya kuondoka. Akirudi akaikuta sarafu juu, chakula hakikuyeyuka. Akiikuta chini ya kikombe, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena, na nyama, samaki na vyakula vilivyopikwa havifai kuliwa.

Umeme unaporudi mapema, chakula ambacho bado kina chembe za barafu, au chenye joto lisilozidi 4 °C, huweza kugandishwa tena, ingawa ladha yake hupungua. Nyama, kuku, samaki au mchuzi uliokaa juu ya kiwango hicho kwa zaidi ya saa mbili hutupwa. Kunusa au kuonja hakusaidii, kwa sababu bakteria wengi wanaoleta ugonjwa hawabadilishi harufu wala ladha. Hapo ndipo hasara huuma, hasa kwa familia iliyotumia mshahara wa mwezi kununua akiba. Kwa sababu hiyo, panapotokea mgawo wa mara kwa mara ni afadhali kuwa na akiba ya siku chache kuliko ya miezi.

Nyama ya nguruwe na tegu

Nyama ya nguruwe, maarufu kwa jina la kitimoto, huliwa sana Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Mikoa hiyo ni kati ya sehemu za Tanzania zinazosumbuliwa na tegu wa nguruwe (Taenia solium). Tafiti zilizofanyika wilaya ya Mbozi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya na tangu 2016 ni ya mkoa wa Songwe, zilikuta maambukizi mengi kwa nguruwe na kwa watu.

Mtu akila nyama isiyoiva yenye vifuko vya mabuu, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Mtu mwingine akiyameza mayai hayo, kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa, mabuu huweza kwenda hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hivyo mtu asiyekula nguruwe kabisa naye huweza kuugua.

Hapa friza hutoa ulinzi wa kweli. Mabuu hufa nyama ikikaa −5 °C kwa siku 4, −15 °C kwa siku 3, au −24 °C kwa siku 1. Muda huo huhesabiwa kuanzia katikati ya kipande inapofikia baridi hiyo, kwa hiyo vipande vikubwa huhitaji siku za ziada. Ulinzi huu hauchukui nafasi ya ukaguzi: nyama inapaswa kuwa na mhuri wa mkaguzi wa mifugo, na yenye vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele haifai kununuliwa. Pia friza haizuii mayai ya tegu yanayoenea kwa njia ya uchafu. Hayo huzuiwa kwa choo bora, kunawa mikono, kuosha mboga na kutowaacha nguruwe wazurure.

Homa ya nguruwe ya Afrika haiwapati binadamu, lakini virusi vyake huweza kukaa hai kwa miezi katika nyama iliyogandishwa. Mabaki ya nyama hiyo yasilishwe nguruwe.

Vyakula vilivyofungashwa

Hadi mwaka 2019 usalama wa chakula ulisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mwaka huo kazi hiyo ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). TBS ina ofisi ya kanda mjini Mbeya. Wajasiriamali wadogo wanaotaka kufungasha vyakula hupata mafunzo pia kutoka Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO).

Lebo ya chakula kilichogandishwa inapaswa kuonyesha jina la chakula, viambato, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na maelekezo ya kuhifadhi. Tarehe hiyo ni halali tu ikiwa pakiti imekaa kwenye baridi iliyoelekezwa. Pakiti iliyolala nje siku moja haina tena tarehe.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, haikugusa vifungashio maalumu vya vyakula. Kwa akiba ya nyumbani hufaa vyombo vyenye mifuniko au mifuko iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Mifuko iliyokuwa na mbolea, sabuni au dawa isitumike hata ikioshwa.

Hatari moja ya vyakula hivi ni kudhani kwamba vimeiva. Vipande vya kuku vyenye ganda la unga wa mkate huwa na rangi ya dhahabu ilhali ndani ni vibichi. Mboga mchanganyiko huwa zimechovywa tu katika maji ya moto, si kupikwa. Kati ya 2015 na 2018, mahindi na mboga zilizogandishwa katika kiwanda kimoja nchini Hungaria zilisababisha maambukizi ya Listeria kwa watu 47 katika nchi tano za Ulaya, na 9 kati yao walifariki. Mamlaka za Ulaya ziliwahimiza walaji wapike mboga zilizogandishwa hata kama ni za kuweka kwenye saladi.

Mlipuko mkubwa zaidi wa Listeria unaojulikana ulitokea Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,060, na 216 kati ya wale ambao mwisho wa ugonjwa wao ulijulikana walifariki. Wengi walioathirika walikuwa watoto wachanga. Chanzo kilikuwa soseji nene inayoliwa bila kupikwa, iitwayo poloni, na nchi kadhaa, ikiwemo Zambia inayopakana na Songwe, zilizuia bidhaa hizo. Wajawazito, wazee na watu wenye upungufu wa kinga wanashauriwa kupasha soseji na poloni hadi zitoe mvuke kabla ya kula.

Kuyeyusha na kupika

Njia salama za kuyeyusha ni tatu: ndani ya jokofu la kawaida usiku kucha, juu ya sahani ili maji yake yasidondokee vyakula vingine, ndani ya maji baridi chakula kikiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, maji yakibadilishwa kila baada ya dakika 30, au kwenye maikrowevu, kisha kupikwa papo hapo. Kumwacha kuku juu ya meza tangu asubuhi hadi jioni si salama hata Mafinga au Makete, kwa kuwa ngozi yake huyeyuka na kupata joto saa kadhaa kabla ya katikati.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza chakula kifikie angalau 70 °C katikati. Kwa kuku asiye na kipimajoto karibu, huangaliwa kama maji yanayotoka karibu na mfupa wa paja hayana wekundu. Mchuzi na maharage yaliyogandishwa huchemshwa hadi yatokote yote, yakikorogwa. Chakula kilichokwisha kuyeyushwa na kupashwa hakirudishwi kwenye friza. Ndiyo sababu ya kugandisha kwa kipimo cha mlo mmoja.

Muda wa kuhifadhi

Muda ufuatao ni wa ubora katika −18 °C:

* Nyama ya ng'ombe, vipande: miezi 4 hadi 12
* Nyama ya kusaga: miezi 3 hadi 4
* Kuku mzima: mwaka 1, vipande: miezi 9
* Samaki wenye mafuta mengi: miezi 2 hadi 3, wasio na mafuta mengi: miezi 6 hadi 8
* Soseji: mwezi 1 hadi 2
* Mchuzi na vyakula vilivyopikwa: miezi 2 hadi 3
* Mboga zilizochovywa katika maji ya moto: miezi 8 hadi 12

Kila kifurushi huandikwa jina na tarehe, na kilichotangulia kuingia hutangulia kutoka. Nyama mbichi huwekwa chini ya vyakula vilivyopikwa, ili umeme ukikatika damu isiwadondokee walaji wa kesho.

Tazama pia

* Jokofu
* Tegu
* Listeria
* Sumukuvu
* Shirika la Viwango Tanzania
* Bwawa la Mtera